Mbele ya Kuhesabu Tani, Hesabu Watu



Katika ukurasa huu tumezoea kusema nanyi juu ya maske, kofia na viatu vya kazi, juu ya maji safi na chandarua. Leo tutasema juu ya kitu ambacho hakitoki katika magazini na hakipimwi kwa mizani. Ni namna mukubwa wa kazi anavyomutazama mutu wake, na namna biro ya personeli inavyofanya kazi yake. Wengine watauliza: "Hayo ni mambo ya wakubwa. Yanaingia namna gani katika ukurasa wa usalama na afya?" Ngojeni kwanza. Nitaanza na mukono wa mutu mumoja.

MUKONO ULIOFICHWA

Mbele ya kuja hapa nilitumika katika kampuni ingine. Jina lake si lazima. Nilikuwa musaidizi wa muganga katika dispanseri ya kiwanda. Usiku mumoja wa wakati wa mvua, baba mumoja wa mashine ya kuvunja mawe aliingia, mukono wake wa kuume ndani ya mufuko wa koti. Aliomba dawa ya homa tu. Nilipima joto la mwili wake, nikapata 39. Nikamuambia: "Baba, nipe mukono nipime mushipa." Akanipa mukono wa kushoto.

Harufu ndiyo iliyonifumbua macho. Nilimuomba atoe mukono mwingine. Ulikuwa umefungwa kitambaa cha kusafishia mashine, kimejaa mafuta. Chini yake vidole viwili vilikuwa vyeusi. Aliumia siku 4 mbele ya siku ile. Jiwe lilikwama, akaingiza mukono kulisukuma bila kukata umeme. Tangu hapo alikuwa akisafisha kidonda nyumbani kwa maji ya chumvi, na kila usiku akarudi kazini.

Nikamuuliza: "Juu ya nini hukuja siku ya kwanza?"

Akajibu: "Muganga, si unaona kile kibao?"

Kibao kile nilikijua. Kilisimama mulangoni mwa kiwanda, kimeandikwa kwa rangi nyeupe: SIKU BILA AJALI. Usiku ule kilionyesha 112. Kikifika 120, ekipe yote ilipashwa kupata primi. Kapita wao aliwaambia kila mara posti ilipoanza: "Mwenye kutuvunjia hesabu, atajibu mwenyewe kwa wenzake." Katika ekipe walikuwa watu 20, na minervali ya watoto ilikuwa inangoja. Yule baba akaniambia: "Kama unaandika katika kitabu, primi ya watu wote inakufa. Nitawatazama wenzangu kwa macho gani?"

Niliandika. Asubuhi akapelekwa hospitali, muganga akakata vidole vyote viwili. Kama angalikuja siku ya kwanza, ningalimusafisha, ningalimuchoma sindano ya kuzuia pepopunda, muganga angalimuona mapema, na labda leo angalikuwa na vidole vyake.

Sasa nitasema kosa langu mimi mwenyewe. Juma mbili mbele ya siku ile, watu wawili wa ekipe ile ile walikuja na vidonda vidogo. Waliniomba nisiandike, nami nikafunga vidonda vyao bila kuandika. Niliwaza kwamba ninawahurumia. Haikuwa huruma. Kibao kilikuwa kinasema uongo, na kalamu yangu ilikisaidia. Yule baba alijua kwamba wenzake walifichwa, naye akafuata njia ile ile. Ndiyo maana ninaandika habari hii leo.

ZAMANI WALIHESABU MIKONO

Tutazame nyuma kidogo, tujue biro ya personeli ilitoka wapi katika inchi yetu.

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Mwaka 1910 reli ilifika Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, na mwaka 1911 shaba ya kwanza ikayeyushwa hapo. Katika mwaka ule wa 1910 ikaanza pia Bourse du Travail du Katanga, kazi yake kutafuta watu katika vijiji na kuwaleta migodini. Kontra zilikuwa fupi. Mutu alikuja peke yake bila bibi, akalala kambini, akatumika miezi, akarudi kwao kama hakufa kwa ugonjwa. Wengi walikufa, na wengi walitoroka. Katika lugha ya Kifaransa watu hao waliitwa "main-d'œuvre", na ukisikiliza neno lile vizuri, ni mukono wa kazi. Biro yenye kuwachunga iliitwa kwa herufi tatu, M.O.I., maana yake mikono ya kazi ya wenyeji. Mukono ulihesabiwa. Mwenye mukono hakuulizwa neno.

Kwenye mwaka 1928 hivi, Union Minière iligeuza njia. Ilianza kuwapa watu kontra za miaka 3 na kuwakubali waje na bibi zao. Kazi hiyo ilisimamiwa sana na daktari mumoja, jina lake Léopold Mottoulle. Nyumba zikajengwa, hospitali na maternite zikafunguliwa, watoto wachanga wakapimwa kwa mizani, posho ikapangwa sawasawa na nguvu ambazo mutu alihitaji. Tuseme kweli: watu walipona. Vifo vilipungua sana katika kambi, na wazee wetu wengi walizaliwa katika maternite hizo. Mimi mutu wa dawa siwezi kuzarau kazi ile.

Lakini juu ya nini waliifanya? Kwa sababu mutu aliyekwisha kujifunza kazi ana bei kubwa. Akikufa ao akirudi kijijini, inapashwa kutafuta mwingine na kumufundisha upya. Walimuchunga kama vile fundi anavyopaka mashine mafuta. Mutoto alipimwa, mama alipimwa, posho ilipimwa, na hakuna aliyeuliza: "Baba, wewe unawaza nini?"

Desemba 1941, wakati wa vita, bei za vitu zilikuwa zimepanda na mushahara haukutosha. Wafanyakazi wakaacha kazi, wakaomba kusikilizwa. Tarehe 9 Desemba, kwenye uwanja wa mupira wa Élisabethville, askari wakawapiga risasi. Makumi ya watu walikufa. Kati yao alikuwa Léonard Mpoyi, mumoja wa wale waliosema kwa ajili ya wenzao. Miaka mitano nyuma ya damu ile, katika 1946, wafanyakazi Waafrika walipewa ruhusa ya kuunda sendika.

Historia hii inatufundisha kitu kimoja. Unaweza kumulisha mutu, kumutibu na kumujengea nyumba, na bado haujaanza kumuongoza kama mutu. Unaanza siku unapomusikiliza.

KUTOKA BABA KWENDA WAPI?

Mwaka 1967 mali ya Union Minière ikawa ya Serikali yetu, na nyuma yake tukapata Gécamines. Wazee wanakumbuka namna watu walivyosema wakati ule: kampuni ni baba, kampuni ni mama. Mutoto alizaliwa katika maternite ya kampuni, akasoma katika shule ya kampuni, akakula unga wa kampuni, na akikua alitafuta kazi kwa kampuni. Mwalimu mumoja wa historia wa Lubumbashi, Dibwe dia Mwembu, aliandika mwaka 2001 kitabu juu ya watoto hao wa shaba walioachwa na baba yao. Kichwa cha kitabu kinatosha kusema habari. Katika miaka ya 1990 kazi ilianguka, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walitoka kwa mupango ulioitwa "départs volontaires". Nyumba nyingi zilijifunza siku ile kwamba baba wa namna ile anaweza kukosa.

Leo, tangu sheria ya migodi ya mwaka 2002, kampuni nyingi zimekuja, kila moja na desturi zake. M.O.I. imekwisha zamani. Biro iligeuka kuwa "personeli", halafu ikaitwa "ressources humaines", ndiyo kusema utajiri wa watu. Jina ni zuri, lakini kugeuza kibao cha mulango hakumuponyeshi mugonjwa. Kama ndani ya biro hiyo mutu bado ni namba, na kama kazi yake yote ni kuandika kukosa, kukata mushahara na kutoa barua za onyo, basi ni M.O.I. iliyovaa koti mupya.

Tena hatutaki kurudi kwa kampuni ya kuwa baba. Mutu muzima hahitaji baba kazini. Anahitaji mukubwa anayemuambia ukweli na anayeweza kuambiwa ukweli. Nitatoa mifano miwili kutoka inchi zingine, moja ya mukubwa wa juu kabisa na moja ya mukubwa wa ekipe.

MUKUBWA ALIYEANZA NA USALAMA

Mwaka 1987 kampuni ya Marekani ya aluminiamu, Alcoa, ilipata mukubwa mupya, Paul O'Neill. Alipokutana mara ya kwanza na watu wa mali kule New York, walingoja aseme juu ya faida. Yeye akaanza na usalama wa wafanyakazi. Alisema kwamba anataka kampuni isiyoumiza hata mutu mumoja. Hata milango ya kutokea kama moto ukiwaka katika nyumba ile ya mukutano, aliwaonyesha. Mumoja wao akakimbia kuwaambia watu wake wauze sehemu zao, maana aliwaza kwamba kampuni imepata kichaa.

O'Neill akaweka sheria moja. Mutu akiumia mahali popote, mukubwa wa tawi lile amupashe habari katika saa 24, pamoja na njia ya kuzuia jambo lile lisirudi. Tazameni akili ya sheria hii. Ili mukubwa wa tawi ajue katika saa 24, lazima mukubwa wa kiwanda amuambie mapema. Ili huyu ajue, lazima kapita amuambie. Na ili kapita ajue, lazima mutu wa mashine asiogope kusema. Kwa sheria moja alifungua njia ya sauti kutoka chini hata juu.

Na hakucheza nayo. Mwaka 1996 alimuondoa mukubwa mumoja, mutu wa sifa mwenye kuleta faida nyingi, kwa sababu katika kiwanda kule Meksiko wafanyakazi waliugua kwa gesi mbaya na habari haikufika juu. Gesi ilikuwa imekwisha kuondolewa na watu walikwisha kupona. Aliondolewa kwa sababu ya kunyamaza.

Matokeo ni haya. Ajali zenye kumukosesha mutu kazi, kwa kila wafanyakazi 100, zilishuka toka 1,86 hata 0,2 kwenye mwaka 2000. Na faida ya kampuni haikufa, ilizidi mara 5 hivi. Wale waliowaza kwamba kumuheshimu mutu kunaharibu hesabu, walijifunza kwamba mahali ambapo watu wanasema ukweli juu ya vidole vyao, wanasema ukweli pia juu ya mashine zinazotaka kuvunjika.

KAPITA WA CHINI YA JIWE

Mufano wa pili tutautoa Chile, inchi ya shaba kama yetu. Tarehe 5 Agosti 2010, mugodi wa San José karibu na muji wa Copiapó ulianguka. Watu 33 wakafungiwa chini, kwenye mita 700 hivi. Kulikuwa tundu la hewa ambalo wangaliweza kupandia, lakini halikuwa na ngazi. Hapo munaona tayari: wakubwa wa juu hawakuwaza juu ya watu walio chini.

Lakini chini mule alikuwa mukubwa wa ekipe, Luis Urzúa, mwenye miaka 54. Chakula katika chumba cha kujificha kilitosha siku 2 tu. Walikipanga hivi: kila nyuma ya saa 48, kila mutu apate vijiko viwili vya samaki wa mukebe, maji kidogo ya maziwa na biskuti. Wote walikula pamoja, na hakuna aliyekula mbele ya wengine. Urzúa aliwapangia watu kazi, akachora ramani ya njia za chini, akagawa wakati wa kulala na wa kukesha. Mambo makubwa waliyakata pamoja, kila mutu na sauti yake. Mumoja wao, Yonni Barrios, aliyejua kidogo kazi ya dawa, akawa muganga wa wote. Waliishi hivyo siku 17, hata chuma cha kuchimba kikawafikia tarehe 22 Agosti. Nyuma ya siku 69, tarehe 13 Oktoba, walivutwa juu mumoja mumoja. Urzúa alitoka wa mwisho.

Bwana kapita, mukubwa wa posti, wewe unayesoma: jiulize kama watu wako wangekufuata hivyo. Utii wa namna ile hauanzi siku jiwe linapoanguka. Unaanza siku za kawaida, pale unapojua jina la mutu, unapojua kwamba mutoto wake yuko hospitali, na unapokula jua na vumbi pamoja naye.

MAMA ALIYEKETI KWENYE KITI CHA WAGONJWA

Sasa turudi kwenye kiwanda kile cha mukono uliofichwa. Miezi miwili nyuma ya mambo yale, biro ya personeli ilipata mukubwa mupya, mama mumoja wa makamo. Usiku mumoja alikuja dispanseri bila kutangaza, akaketi kwenye kiti kirefu cha wagonjwa. Niliwaza kwamba amekuja kutafuta mwenye kosa. Hakuuliza, "Kosa ni la nani?" Aliuliza: "Muliogopa nini?"

Nikamuambia yote, pamoja na vile vidonda viwili ambavyo sikuandika. Nilingoja barua ya kufukuzwa. Yeye akanyamaza, kisha akaniuliza: "Na vingine vilivyofichwa, unawaza ni vingapi?" Alikwenda pia nyumbani kwa yule baba, akamusikiliza yeye na bibi yake. Kapita naye alimusikiliza, na hapo ikajulikana kwamba kapita mwenyewe alikuwa akitishwa toka juu kwa ajili ya hesabu ya tani. Uoga ulikuwa unashuka kama maji juu ya mulima, kila mutu akimusukumia aliye chini yake.

Ndani ya mwezi mumoja kibao kile kiliondolewa. Kikawekwa kingine chenye mistari miwili: HATARI ZILIZOONYESHWA, na chini yake HATARI ZILIZOTENGENEZWA. Primi haikulipwa tena kwa kutosikia habari za ajali. Ililipwa kwa hatari iliyoonyeshwa na kutengenezwa mbele ya kumuumiza mutu. Mashine ya kuvunja mawe ikapata chuma kirefu cha kusukumia jiwe, na kila mutu akapewa kufuli lake la kufungia umeme.

Miezi mitatu nyuma yake kitabu changu kilijaa. Mukubwa mumoja wa uzalishaji akakasirika mbele ya watu: "Mama, tangu umekuja ajali zimezidi!" Akamujibu kwa upole: "Ajali ni zile zile, bwana. Sasa zinasema."

Kapita hakufukuzwa. Alipelekwa kujifunza namna ya kuongoza watu, na aliporudi aliomba musamaha mbele ya ekipe. Nilikuwako, nilisikia kwa masikio yangu. Ilikuwa kazi ngumu kwake kuliko kunyanyua jiwe.

BIRO YA WATU INAPASHWA KUFANYA NINI

Sheria ya kazi ya inchi yetu, ya tarehe 16 Oktoba 2002, inaomba kila mahali pa kazi pawe na komite ya usalama na usafi, na wafanyakazi wenyewe wawe na wajumbe. Tena inamuomba mwenye kazi atoe matibabu kwa mufanyakazi na jamaa yake wakati wa kontra. Hayo ni haki, si zawadi. Lakini sheria haiwezi kuketi kwenye kiti cha wagonjwa. Inahitaji mutu wa kuketi pale.

Toka upande wetu wa dispanseri, tunawaomba wakubwa wa kazi na watu wa biro ya personeli mambo haya matano:

1. Mutu akileta habari ya ajali ao hatari, neno la kwanza liwe "asante". Maulizo yafuate nyuma.

2. Chokeni musiziandike kama uvivu. Mutu aliyefanya posti mbili bila kulala ana macho ya mulevi. Kumuweka juu ya kamyo kubwa ni kuweka hatari njiani. Kupanga zamu vizuri ni dawa kuliko vidonge vyangu.

3. Mutu anaporudi toka hospitali, mumupe kazi nyepesi kwa siku ambazo muganga ameandika. Mukimurudisha mbio kwa kazi nzito, tutamupata tena hapa, na mara ya pili ni mbaya zaidi.

4. Siri ya mugonjwa ni ya mugonjwa. Shefu anapashwa kujua kama mutu anaweza kazi ile ao hawezi. Jina la ugonjwa wake si la kutembea kambini.

5. Mwenye kupigana na pombe, deni ao kilio cha nyumbani, mumuite mapema na mumusikilize mbele ya kumupa onyo. Mutu mwenye maiti nyumbani hatazami mukanda wa mashine. Anatazama maiti yake.

NA WEWE, MUFANYAKAZI?

Ndugu, usiseme kwamba haya ni ya wakubwa tu. Kila mutu ni mukubwa wa mutu mwingine. Fundi ni mukubwa wa mwanafunzi wake. Mutu wa zamani ni mukubwa wa yule aliyeingia jana. Ukimucheka kijana kwa sababu amevaa maske, umemufundisha kula vumbi, na vumbi la mawe likikwisha kukaza mapafu, hakuna dawa ya kuyarudisha. Kwa hiyo:

Usiingize mukono katika mashine yoyote mbele ya kukata umeme, kufunga kufuli lako, kutia ufunguo mufukoni mwako mwenyewe, na kujaribu kuwasha ili uone kama kweli imekufa.

Ukiumia, hata kama ni mukwaruzo, kuja siku ile ile. Kidonda kidogo kilichooshwa leo hakitaomba kisu juma lijalo.

Mwenzako akikuambia, "Unifiche", mujibu: "Ndugu, ninakupenda, twende pamoja." Ukimusindikiza hata dispanseri, umemusaidia kuliko kumunyamazia.

Na ninyi mama wa nyumba, ninyi ndio waganga wa kwanza. Baba akirudi na kula bukari kwa mukono wa kushoto, uliza. Akikohoa kila alfajiri, akichoka kwa kupanda ngazi tatu, uliza. Akisema "si kitu", mulete. Bibi wa yule baba aliniambia nyuma yake kwamba aliona kitambaa siku ya pili, akaogopa kusema juu ya minervali. Leo anasema kwamba hakuna minervali inayolingana na mukono wa mume wake.

NENO LA MWISHO

Niliondoka kule miaka kadhaa sasa, lakini mwaka uliopita nilipita kumusalimu yule baba. Anatumika katika magazini ya vyombo. Kila kundi la vijana wapya linapoingia, biro ya watu inamuita asimame mbele yao. Hatoi hotuba ndefu. Ananyanyua mukono wa kuume wenye vidole vitatu, anawaambia: "Mimi nilinyamaza siku 4." Halafu anamupa kila mumoja kufuli lake.

Kesho asubuhi, posti ikianza, bwana mukubwa wa ekipe, jaribu jambo hili dogo. Weka karatasi ya tani chini kidogo. Tazama watu wako mumoja mumoja usoni, uwaulize: "Mumeamka namna gani? Kuna nini leo cha kutuumiza?" Kisha nyamaza, wasikilize hata mwisho. Tani zitahesabiwa nyuma yake, na watu wote watakuwako kuzihesabu.

Tubakie wazima.